Vidonge vya Dada Mkubwa

Nyumbani kwetu gauni halikuwa na mwenyewe. Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule yetu ndogo ndiyo iliyokuwa karakana yake. Gauni likianza kunibana, mama alilifumua, akalipunguza kiunoni, akakunja pindo. Kesho yake mdogo wangu alilivaa.

"Limekukaa kama lako," mama alimwambia.

Mdogo wangu alinuna kidogo, kisha akazunguka mbele ya kioo. Tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mpaka leo nikisikia cherehani mahali, moyo hunirudisha kwenye sebule ile. Jamani, siku zile!

Mwaka nilioanza kupata hedhi, nilichoka mno. Nikitembea kidogo tu, moyo ulinienda mbio. Tena nikawa natafuna mchele mbichi kwa siri. Mama aliposhangaa mchele unakwenda wapi, akasingizia panya.

"Panya gani huyu anayerudisha kifuniko?" baba aliuliza. Baba alikuwa fundi viatu, na utani ulikuwa kazi yake ya pili.

Nilipelekwa zahanati, damu ikapimwa. Nilikuwa na upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma. Nilipewa vidonge, nikaambiwa nile maharage, mboga za majani, samaki na nyama. Taratibu nikapata nguvu. Vidonge vichache vilibaki kwenye kopo. Mama hakutupa hata kipande cha uzi, seuze dawa.

Baada ya muda, Kasuku naye akaanza kupauka. Viganja vyake vilikosa rangi. Alichoka upesi, akalalamika kwamba miguu inamuuma.

"Ni ule ule wa dada yako," mama alisema bila wasiwasi. Alichukua kopo langu, akakata kidonge kwa mkasi. "Wewe mdogo, meza nusu."

Ndivyo alivyozoea. Kilichomfaa mkubwa kilipunguzwa kimfae mdogo.

Lakini Kasuku hakupata nafuu. Macho yake yakawa ya manjano. Maumivu yakaingia mgongoni. Mama akaona dawa haitoshi, akampa kidonge kizima. Mchana mmoja nilimkuta amejikunja juu ya rundo la vitambaa, kimya. Kasuku, kimya! Niliogopa sana.

"Dada," alininong'oneza, "nikifa, magauni yangu atavaa nani?"

Nilimshika mkono tu, nikalia.

Bahati nzuri, jirani yetu muuguzi alikuja kujaribu sare yake mpya. Mama alikuwa akiishikiza kwa pini. Muuguzi akamwona Kasuku. Akainama, akamvuta kope ya chini kwa upole.

"Jirani, mtoto huyu anameza nini?"

"Vidonge vya damu. Vya dada yake."

"Amepimwa?"

"Apimwe nini tena? Si ugonjwa ni mmoja?"

"Si mmoja, mama. Upungufu wa damu una aina nyingi. Mfunike mtoto, twende hospitali sasa hivi."

Akatoka mbio na sare imejaa pini. Njia nzima zilimchoma, naye hakujali.

Hospitalini Kasuku alipewa dawa ya maumivu na maji ya mshipani. Akaongezewa damu. Baba alifika na gundi ya viatu mikononi. Vipimo vikaonyesha kwamba mdogo wangu ana ugonjwa wa seli mundu.

Tulikaa kwenye benchi. Mfukoni mwa mama mlikuwa na vifungo na kulabu za magauni. Muuguzi aliviomba, akaviweka kiganjani.

"Chembe nyekundu za damu ni za mviringo, kama vifungo hivi," alisema. "Hupita kwenye mishipa bila shida. Za huyu mdogo nyingine hujipinda kama kulabu hizi. Hunasa njiani, ndiyo maana anaumwa. Pia huvunjika mapema, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano."

"Na mimi?" niliuliza.

"Chembe zako zilikosa chuma cha kuzijenga. Wengine hukosa vitamini. Wengine hupungukiwa damu kwa malaria au minyoo. Dawa ni tofauti. Chuma kikizidi mwilini, hudhuru. Asipewe mpaka kipimo kionyeshe anakihitaji."

"Kwetu hakuna aliyewahi kuugua hivi," baba alisema.

"Mtu anaweza kurithi upande mmoja tu, asiugue. Mtoto huugua akirithi kwa baba na kwa mama."

Mama alijifunika uso. "Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu."

"Hajafa," baba alimjibu, akamshika bega. "Na ugonjwa tumempa wote wawili. Tutamlea wote wawili."

Wakafanya hivyo kweli. Kasuku akawa na kopo lake la vidonge vya asidi foliki, vitamini ya kusaidia kujenga damu, akavimeza kila siku. Alilala ndani ya chandarua. Alipata chanjo zake zote. Baba alimkumbusha kunywa maji hadi akachoka kukumbushwa. Asubuhi za baridi mama alimvalisha sweta. Akipata homa, hatukusubiri, tulikwenda hospitali. Baadaye daktari alimwanzishia haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Bado vilikuja, lakini mara chache. Alisoma, akawa mwalimu. Alipopata mchumba, walipima damu wote wawili kabla ya harusi.

Baba alitangulia mbele ya haki. Kisha mama akazeeka, akawa wa kitandani. Kasuku ndiye aliyemlisha na kumgeuza. Jioni moja mama alimwita karibu.

"Mwanangu, nilikuwa nikikushonea nguo huku nalia. Kila gauni nilidhani ni la mwisho. Nilijua nitakuzika."

"Mama, yamepita hayo."

"Ngoja niseme. Sasa wewe ndiye utakayenizika mimi." Mama akatabasamu. "Nashukuru, mwanangu. Nashukuru sana."