Kadi ya Oili

"Baba Nthambi, ni nani huyo mliyemfungia ndani ya injini anabisha hodi?" Mama Bilan, jirani yao wa mtaa wa Tassia, aliwahi kuuliza jioni moja gari lilipokata kona kuingia ploti walimopanga. Watoto wote wakaangua kicheko. Muthama hakucheka, na tangu siku hiyo nyumba yake haikukalika kwa hasira.

Gari hilo kuukuu ndilo lililowalisha. Muthama alibeba nyama ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko akiwapelekea wenye bucha, na jioni akimpitia bintiye Nthambi shuleni. Sauti ya kugonga ilikuja ndani ya injini, ta-ta-ta-ta, kisha ikapotea. Wakifika gereji ya fundi Wehliye, injini inatulia kama paka aliyeshiba. Fundi akabadilisha plagi, sauti ikarudi. Akakaza mkanda, ikarudi tena.

Jumamosi Muthama aliingia gerejini akifoka, Nthambi nyuma yake.

"Nikija hapa, kimya! Nikitoka, kelele! Umeniibia kifaa kizima ukaniwekea kibovu. Wewe ni mwizi!"

Watu wakajaa. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja akawasha gari lake, tayari kuondoka. Wehliye akatupa spana chini.

"Miaka kumi na minne niko hapa! Sina ukuta wala geti, nina jina tu. Unalimwaga mbele ya watu?" Akahema. "Haya, usiniambie inalia vipi. Niambie inalia lini."

"Inalia ikitaka!"

"Kwenye kona," Nthambi akasema polepole. "Na Baba akifunga breki ghafla. Lakini si asubuhi. Mpaka gari lipate moto."

Fundi akamgeukia, macho yakimng'aa. "Kona, breki, na moto. Nani hupima oili?"

"Huyu huyu binti yangu, kila asubuhi!" Muthama akachomoa kadi ya oili iliyokuwa mbele ya usukani, akaitikisa hewani. "Tazama! Kila siku akipima huweka alama."

Wehliye akafungua boneti, akavuta chuma cha kupimia. Ncha yake ilikuwa kavu.

"Injini ya zamani hunywa oili, mzee. Ikibaki kidogo, kwenye kona inakimbilia upande mmoja, na vyuma vinagongana vikavu."

"Basi umeimwaga wewe, mwizi! Kadi ya mwanangu haisemi uongo!"

Maneno hayo yalimchoma Nthambi kuliko kofi. Alimtazama fundi, akamtazama yule mteja aliyekwisha kuanza kurudi nyuma na gari lake.

"Inasema uongo, Baba. Ni mimi. Wiki tano sijafungua boneti. Wenzangu walinicheka mikono ikinuka oili, nikawa naweka alama tu."

Muthama akaifinyanga kadi mkononi. Mishipa ya shingo ilimsimama.

Fundi hakungoja. Alijaza oili, wakazunguka kona ya soko mara tatu, breki juu ya breki. Kimya. Hata mteja yule alikuwa amezima gari lake akiwangoja.

"Una bahati, injini haijafa," Wehliye alisema, sauti bado kali. "Sikiza, binti yangu. Uliona ni alama ya kalamu tu. Alama hiyo ilikaribia kuwanyima chakula, na kunifanya mimi mwizi mbele za watu. Kazi ndogo ukiifanyia uongo, anayelipa ni mwingine. Lakini umesema kweli wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Mungu alikuona." Akamgeukia Muthama. "Na wewe, mzee wangu?"

Muthama akapaza sauti ile ile aliyotukania, wote waisikie.

"Nisamehe, fundi! Wewe si mwizi. Hasira ilinitangulia, nami sikupima kitu."

Asubuhi ya Jumatatu Muthama alikuwa bado amenuna. Aliweka kadi mpya mezani, na kalamu juu yake.

"Haya," alisema.

Nthambi hakuigusa kalamu. Alichukua kitambaa cha kufutia oili, akatoka kwenda kufungua boneti.