Wembe wa Ng'ambo ya Mto

Mwaka ule wa tisini na sita daraja lilikuwa bado, na pantoni ya Kivukoni, Ifakara, ilikuwa imechelewa tena. Foleni ilijaa magunia ya mpunga, kuku, baiskeli na watu waliokwisha kuchoka hata kusalimiana. Mwalimu Digna alisimama katikati yao kwa gauni la kitenge cha njano lililomkaa hasa, kwapani amebana kitambaa kilichoviringwa. Dume la ng'ombe likampiga kikumbo, kitambaa kikaanguka na kukunjuka matopeni.

"We kaka! Ng'ombe wako hana adabu?"

"Anayo, dada. Ameona mrembo, akaisahau."

Aliyejibu alikuwa Seni, kijana mrefu wa Kisukuma, shuka jekundu begani, makobazi ya tairi miguuni, bangili ya shaba mkononi. Alikiokota kitambaa, akakifuta kwa shuka lake, kisha akakitazama kwa makini. Ilikuwa ramani ya dunia, Digna kaichora mwenyewe kwa ajili ya darasa lake la jiografia. Waislamu kijani, Wakristo bluu, Wahindu njano, Wabudha zambarau.

"Na hii kahawia, kwetu Shinyanga, halafu na huku kwenu kidogo?"

"Dini za jadi. Mizimu, matambiko, waganga."

"Zote rangi moja?"

"Rangi ziliniishia, kaka."

"Basi nitakununulia nyingine."

Hakununua rangi hata siku moja, mwongo yule. Alileta maziwa. Kila asubuhi alipoyapeleka sokoni Ifakara kwa baiskeli alipitia shuleni kwa Digna, na kabla mpunga haujavunwa walimu wenzake walikuwa wakimwita Mama Ng'ombe. Digna alijifanya kukasirika. Moyoni alikuwa ameshazama.

"Kipenzi," Seni alimwambia mchana mmoja, sauti imeshuka, "kuna jambo. Mama yangu ana macho mekundu."

"Anaumwa?"

"Moshi. Kwetu kuni hakuna, maisha yake yote amepikia samadi. Lakini kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Dada yake alikatwa mapanga akiwa jikoni, anasonga ugali. Ndiyo maana tulihamia huku. Hata sasa mbwa akibweka, mama hulala chini ya kitanda."

Digna alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na joto lote lile la Ifakara.

Siku ya kujitambulisha ikafika, Seni akaja na mama yake kwa shangazi Evelina, aliyemlea Digna. Walikula wali kwa samaki kitoga, wakacheka, wakaagana vizuri. Wageni walipoondoka shangazi akavuta pumzi.

"Kijana mzuri. Ila mama mkwe wako, macho yale! Kabla ya ndoa avushwe mto, akanyolewe."

Kwa Wapogoro wa upande ule neno hilo halikuwa zito kuliko kung'oa jino. Mkituhumiana uchawi mnavuka kwenda Ulanga kwa mganga, anawanyoa nywele, mnarudi mkila sahani moja. Digna alikua akiwaona watu wazima wakirudi na vipara na kutaniwa. Kwa hiyo alilipeleka neno kwa Seni pale sokoni huku anacheka, kama mjinga.

"Shangazi anataka mama akanyolewe uchawi, ndipo atuachie tuoane. Usijali, mpenzi, ni..."

Seni hakusikia yaliyofuata. Midomo yake iligeuka rangi. "Uchawi? Umemwambia?"

"Sijamwambia! Ameona mwenyewe, lakini sisi..."

Seni alipanda baiskeli, ndoo ya maziwa akaiacha pale pale.

Kesho yake nyumba yao ilikuwa tupu. Jirani yao Sayi, Msukuma mwenzao, alimtazama Digna kwa woga, akajibu akiwa nyuma ya mlango.

"Wamepanda treni ya Mlimba, wanakwenda kujificha Masagati kwa ndugu. Mwalimu, kwetu mtu akilitamka neno hilo, anayefuata huja na panga."

Digna alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa amezipaka nchi zote zile rangi moja akadhani na hofu yao ni moja. Nani angemlaumu Seni? Mimi siwezi.

"Panga?" shangazi alipiga kelele alipoambiwa. "Mungu wangu! Sisi tunanyoa tu!"

"Wao wangejuaje? Shangazi, aliyesemwa hunyolewa. Na aliyesema?"

Shangazi aliinama. "Naye hunyolewa. Wote."

"Basi twende. Wewe ulisema, mimi nikapeleka."

"Wewe mwalimu wa shule ya misheni! Paroko akisikia utanyimwa komunyo, na kazi pia."

"Naogopa, shangazi. Lakini naogopa zaidi nikimuwaza yule mama anavyosikiliza kila mguu unaopita mlangoni."

Walipofika Masagati, baada ya treni na njia ndefu ya miguu, Seni alisimama mlangoni na panga mkononi. Alikuwa amekonda.

"Simameni hapo hapo! Nyuma yako nani?"

"Shangazi."

"Ndiye aliyesema! Digna, umemleta mpaka huku?"

Wanawake wale wawili wakafungua vilemba. Vichwa vyao vilikuwa vyeupe, havina hata unywele. Mama Seni alichungulia, akasahau kujificha.

"Poleni. Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa, mama," Digna alisema. "Shikamoo."

Shangazi Evelina alipiga magoti. "Nilikusema, mama. Kwetu aliyesema hunyolewa ili asirudie tena. Nimenyolewa. Wewe hatukudai hata unywele mmoja."

"Mayu! Mama, rudi ndani!" Seni alifoka, machozi yakimtoka. "Ni mtego!"

Mama yake alimpita. Alitembea polepole mpaka kwa Digna, akaweka kiganja juu ya kipara chake, akakipapasa.

"Zilikuwa nywele nzuri," alisema. "Uliogopa wembe?"

"Sana, mama."

"Hata mimi naogopa. Mpaka sasa hivi naogopa."

Alirudi mlangoni, akamfungua mwanawe vidole kimoja kimoja, akalichukua panga.

"Mpe mkeo maji," alisema. "Ametembea mbali."