Madirisha ya Kibaraza cha Renae

Siku ya maonyesho ya ujenzi pale Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, ukumbi ulijaa watu mpaka wa kukanyagana, na katikati yao Renae Tollefson, na sweta yake ya bluu ya kufuma kwa mkono, alikuwa akifungua na kufunga dirisha moja. Alilifungua mara saba. Ya nane, sauti ikasema nyuma yake:

"Bibie, hilo likichoka ni juu yako."

Alikuwa Alcide Guidry, muuzaji wa madirisha, mrefu, shati la kijani lililonyooshwa pasi barabara. Mtu wa Louisiana, kusini kabisa. Huku kwenye baridi alikuwa na mwaka wa pili tu. Renae akamweleza shida yake. Nyumba aliyoachiwa na shangazi ina kibaraza kilichozungushiwa wavu wa mbu, kinatazama ziwa. Kuanzia Mei anaishi humo; Oktoba ikifika anakifunga kwa turubai, na ziwa halioni tena mpaka barafu iyeyuke. Alitaka akae humo mwaka mzima.

Alcide akaja kupima. Akaja tena kupima. Alileta dirisha la kuteleza, jepesi, ila huvujisha upepo kwenye reli zake. Akaleta la bawaba, unazungusha mpini wake likafunguka nje, na likifungwa linajibana sawasawa. Vioo viwili vya kupandanishwa, au vitatu? Renae aliuliza yote: kwa nini kioo kitoe jasho, sakafu iliyo wazi chini yake itapataje joto. Alcide akatambaa chini ya kibaraza kuikagua, akatoka na utando wa buibui kwenye nywele, na Renae akautoa kwa vidole, polepole kuliko ilivyohitajika.

Kiangazi chote wakawa wanakula chakula cha jioni mle, na simu haziishi.

"Umeamua?"

"Bado."

"Mteja gani wewe?"

"Mteja mtamu," Renae anasema, anakata.

Jioni moja ya Agosti Alcide aliweka uma chini, akamwomba waoane.

"Aa, usijisumbue, bwana," Renae akasema, moyo ukimwenda mbio.

"Una hakika?"

"Kweli, niko sawa tu."

Kwao Renae, hata kipande cha keki mtu hukikataa mara mbili, ya tatu ndipo anapokipokea. Kukubali papo hapo ni ulafi. Basi akangoja ya tatu, ameinamia sahani, uso umemwiva. Kwao Alcide, mwanamke akikataa mara mbili, mwanamume anachukua kofia yake, anaondoka. Akaichukua.

Wiki tatu, simu kimya. Kisha ikalia, na alikuwa mwanamume mwingine: yeye ndiye atakayeweka madirisha, maana Bwana Guidry anarudi kwao Ijumaa, je, mama ameamua? Renae akaweka simu chini. Ndipo alipojiuliza, mara ya kwanza maishani, watu wa kwingine hukataa mara ngapi.

Aliendesha gari mpaka duka la madirisha na ndala za nyumbani. Alcide alikuwa akipanga vitu vyake kwenye maboksi.

"Nikuulize. Kwenu mtu akikaribishwa keki, anasemaje?"

"Anasema asante, anakula."

"Mara ya kwanza?"

"Kwani ziko ngapi?"

Akamweleza. Alcide alisikiliza kwa makini, kama anayesomewa vipimo.

"Kwa hiyo ilibaki moja," akasema.

"Moja tu."

"Siwezi kuomba tena, Renae. Zile mbili bado zinaniuma."

Kwao Renae hakuna aliyewahi kujiombea kitu waziwazi, hata chumvi ya mezani.

"Nataka ya bawaba," akasema, "vioo vitatu. Na nataka wewe ukae humo na mimi Januari, na kila Januari. Uwe mume wangu."

Alcide akaweka boksi chini.

Harusi ilifungwa mwezi wa pili, kibarazani humo humo, wageni kumi na wanne. Nje ziwa lilikuwa jeupe kwa barafu mpaka upeo wa macho, na bibi harusi alivaa gauni la mikono mifupi.