Barua Iliyokatwa Kola

Kila nyumba ina sauti yake ya asubuhi. Moja huamshwa na jogoo, nyingine na mtoto anayelia. Nyumba ya Fundi iliamshwa na cherehani. Krrr, krrr, krrr. Majirani wakiisikia walijua kumekucha, na Fundi yuko kazini chumba cha mbele.

Fundi alishona sare za shule, za hoteli na za wauguzi. Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa uani. Mama mkwe wake, aliyeitwa Bibi na mtaa mzima, aliketi mlangoni. Kazi zake zilikuwa mbili: kufumua mishono iliyokosewa, na kuuliza habari ya kila apitaye.

Zamani Fundi alikuwa mnene sana. Unene ule haukuwa wa afya. Ulimletea kisukari. Ulimuumiza magoti. Akipanda ngazi tatu, alihema kama aliyefukuzwa na mbwa. Alijaribu kila njia, uzito ukakaa palepale. Mwishowe alisafiri nchi ya mbali, akafanyiwa upasuaji. Madaktari wa kule walikata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakambakishia mfuko mdogo mwembamba. Baada ya siku tano alirudi nyumbani na bahasha kubwa iliyojaa karatasi za hospitali.

Majirani hawakuambiwa. Fundi aliogopa maneno. Aliogopa wasije wakasema amenunua wembamba.

"Dada, umekonda! Siri yake nini?" mteja mmoja aliuliza.

"Natembea sana," Fundi alijibu.

Bibi alikohoa pale mlangoni. "Anatembea, ndiyo. Kutoka cherehani kwenda pasi, na kurudi."

Kila Jumamosi Fundi alijipima kiuno kwa futi yake ya kitambaa. Kikipungua inchi moja, alipunguza gauni lake na kumshukuru Mungu. Ule ndio ulikuwa uchunguzi wake. Mtu wa futi huamini futi. Lakini futi hupima kiuno tu. Kilicho ndani ya mwili haikioni.

Mwezi wa tatu tangu apasuliwe ulipoanza, mambo yaligeuka. Akinywa vijiko viwili vya supu, vilirudi. Akinywa maji, nayo yalirudi. Wiki tatu zikapita hivyo. Miguu ikaanza kumchonyota, kisha ikawa kama si yake.

Asubuhi moja Bibi aliona matone ya damu sakafuni.

"Mwanangu, nani amejikata?"

Walitazama. Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo wa Fundi, na Fundi alikuwa anatembea nayo.

"Mbona sikuisikia?" alisema.

Seremala aliingiwa na wasiwasi. Siku ileile alimpeleka mkewe kwa daktari aliye karibu, mwenye bango kubwa barabarani. Bango lilitaja presha, meno, uzazi, macho, uzito na viungo.

"Limeandikwa kila ugonjwa," Bibi, aliyefuatana nao, alisema walipofika chini yake, "isipokuwa uzee wangu."

Yule daktari wa bango hakumpima Fundi chochote.

"Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo nje ya nchi," Fundi alimwambia. "Karatasi zao ziko nyumbani."

"Karatasi za nini, mama? Mimi nakuona kwa macho yangu. Huu ni uchovu tu. Kunywa dawa hii. Ijumaa uje nikutundikie maji ya sukari, upate nguvu."

Fundi alirudi na chupa ya dawa. Alifurahi kwamba mambo yalikwisha upesi. Lakini dawa nayo ilirudi, kama supu.

Jumatano cherehani ilianza kusuasua. Fundi alikanyaga, ikakimbia ghafla. Alikanyaga tena, ikasimama. Mshono ulikwenda upogo kama njia ya mlevi. Akamwita fundi mashine, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Pedali yangu imelegea," alimwambia.

Fundi mashine alipiga magoti. Akafungua, akafunga, akatia mafuta. Akaketi yeye mwenyewe, akashona mstari mrefu ulionyooka. Kisha akasema, "Sasa kanyaga wewe, nikuone."

Fundi alikanyaga. Mzee alitazama mguu, hakutazama mashine.

"Mama, naweza kukudanganya nikabadilisha chuma hapa, ukabaki umeridhika. Lakini mashine yako haina kosa. Mguu wako unakanyaga pembeni, wala hujui."

Kwenye kiti cha wateja alikuwepo muuguzi aliyekuja kujaribu sare yake. Kola ilikuwa bado imeshikizwa kwa pini shingoni mwake. Aliinuka hivyohivyo, akachuchumaa mbele ya Fundi.

"Funga macho, dada. Nakugusa wapi?"

"Hujanigusa bado."

"Nimekugusa vidole vyote vitano," muuguzi alisema polepole. "Unatapika?"

Fundi alimtazama mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na randa mkononi. Siri ilikuwa imemjaa mdomoni.

"Mwambie," alisema Seremala. "Mficha maradhi kilio humuumbua."

Basi Fundi alisema yote: safari, upasuaji, supu, pini. Alitegemea kuchekwa. Muuguzi hakucheka. Fundi mashine naye alijifanya anatafuta bisibisi.

"Sikiliza, dada," muuguzi alisema. "Upasuaji ule si dhambi wala si uvivu. Ni matibabu. Lakini haukuisha siku uliyotoka hospitali. Tumbo lako sasa ni dogo, chakula kinachoingia ni kidogo. Mwili unakosa vitamini. Na ukitapika wiki tatu, zinaisha kabisa. Miguu kufa ganzi ni mwili unapiga kelele. Hili la leo, si la kesho."

"Lakini nimeshamwona daktari. Ijumaa atanitundikia maji ya sukari."

"Alisoma karatasi zako?"

"Hapana."

"Alipima damu?"

"Hapana."

Muuguzi alivuta pumzi. "Wewe ni fundi. Mteja akikuletea nguo iliyoshonwa na fundi mwingine, akasema irekebishe, unaanza kwa kukata?"

"Aka! Naigeuza ndani nje kwanza. Naangalia mishono imepita wapi."

"Basi na daktari wa kukufuatilia ndivyo awe. Akugeuze ndani nje. Aulize umekatwa nini, lini, na nani. Adai karatasi. Apime damu. Asione aibu kuzungumza na waliokupasua. Na jina lake liwe kwenye orodha ya madaktari waliosajiliwa. Kuuliza hilo ni haki yako, si utovu wa adabu. Yupo daktari wa upasuaji hospitali kuu, nimewahi kufanya naye kazi wodini. Wagonjwa kama wewe anawafahamu. Kachukue karatasi zako, twende."

Hapo Fundi aliinamisha kichwa. Alitazama msumari ukutani.

"Karatasi zenyewe… ziko pale."

Kwenye msumari ule zilitungwa karatasi za kukatia nguo: kola, mifuko, mikono. Karatasi za hospitali zilikuwa nzito na ngumu, na zimeandikwa lugha ambayo hakuna aliyeijua nyumbani. Fundi alidhani ni risiti tu. Kola ikichorwa kwenye karatasi laini hupinda. Zile hazikupinda. Akazikata.

Muuguzi alishika kola ya pini shingoni mwake. "Ina maana hii yangu imekatwa kwa barua ya daktari?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Ndiyo maana imekaa vizuri!" alisema Bibi, na hata Fundi akacheka, machozi yakimlengalenga.

Kazi ikaanza. Seremala alitungua kola nne na mfuko mmoja. Mabaki yalikosekana. Bibi akakumbuka gunia la vipande, ambalo alitaka kujazia mto. Likamwagwa sakafuni. Fundi mashine, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha kitambo, naye aliinama kutafuta.

"Hiki kina namba ya simu!" alisema, akainua kipande chenye umbo la nusu mwezi.

"Hiyo ni shingo ya sare ya shule," Fundi alisema.

Seremala alipanga vipande juu ya ubao, kama anavyopanga mbao za meza, akavibandika kwa gundi ya karatasi. Mashimo yalibaki, lakini barua ilionekana. Fundi alienda hospitali ameshikwa mkono na mumewe. Ubao ulibebwa na muuguzi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimsalimu Fundi kabla ya kugusa kalamu. Aliuliza upasuaji ulifanyika lini, na ulikuwa wa aina gani. Aliuliza anatapika mara ngapi kwa siku. Kisha akaona ubao.

"Hii ni nini?"

Fundi alieleza. Daktari hakumgombeza. Aliusogeza ubao kwenye mwanga, akausoma kwa kidole, kipande kwa kipande.

"Lugha hii siijui," alisema.

Fundi alinyoosha mkono achukue ubao wake.

"Lakini namba hii ya simu naijua inavyopigwa. Nitawatafuta watume barua kamili, kwa lugha tutakayoelewana. Mimi nimefuatilia wagonjwa kumi na mmoja waliopasuliwa kama wewe. Nisichokijua, nitauliza. Sawa, mama?"

"Sawa, daktari."

"Kuna yeyote amekutundikia maji ya sukari?"

"Bado. Ni Ijumaa."

Daktari alimgeukia muuguzi. "Mungu akubariki kwa kumleta leo." Kisha akamwambia Fundi, "Mwili wako umeishiwa vitamini moja, inaitwa B1. Maji ya sukari yakitangulia kabla yake, yanaweza kuharibu miguu zaidi, na hata ubongo. Hatungojei majibu ya damu. Tunaanza kukupa sasa hivi, kwenye mshipa."

Seremala alikaa chini, ingawa hapakuwa na kiti.

Fundi alilazwa siku tisa. Walipima damu. Waliingiza kamera ndogo tumboni, wakakuta sehemu moja imebana, wakaipanua. Siku ya nne alikunywa supu, kijiko baada ya kijiko. Ikakaa. Alimwita Bibi aje aone bakuli tupu, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye alama za vyema.

Barua kamili ilifika kutoka nchi ile. Daktari alimsomea kitandani.

"Wameandika uanze kuonwa na daktari mwezi wa kwanza, halafu wa tatu, wa sita, na wa kumi na mbili. Baada ya hapo kila mwaka, maisha yako yote. Vitamini kila siku. Usinywe dawa za maumivu bila kumuuliza daktari. Ukitapika siku mbili mfululizo, usisubiri, njoo." Akatabasamu. "Mwezi wa kwanza hukuuona. Ulikuwa kwenye kola, pale pa kifungo."

"Daktari, ningejua kusoma lugha yao…"

"Si kosa la kusoma. Hukupata mtu wa kumwuliza. Sasa unaye. Namba yangu ya wodini hii hapa."

Fundi alirudi nyumbani na fimbo. Daktari alimwambia ukweli: mishipa ya miguu hupona polepole, na mingine haiponi yote. Alikubali. Alishona kwa cherehani ya mkono wakati akingoja. Vitamini alizimeza kila asubuhi, Bibi akisimama mbele yake kama askari.

Barua mpya iliingizwa kwenye mfuko wa plastiki, ikatundikwa kwenye msumari mwingine, mbali na mkasi. Nakala mbili zilitolewa. Moja alikaa nayo mumewe. Nyingine ilikaa hospitali.

Siri nayo ilikwisha. Mteja alipouliza tena, "Dada, umekonda, siri yake nini?" Fundi alimwekea kiti. "Nilipasuliwa. Kaa nikueleze. Na kama una ndugu anayefikiria kwenda, mwambie hivi: kabla hajapanda ndege, amtafute kwanza daktari wa kumwona akirudi."

Wengine walinong'ona. Lakini wawili walirudi, wakamwomba jina la yule daktari.

Siku moja, mwezi wa nne baada ya kutoka hospitali, Fundi alikuwa anashona sare mpya ya muuguzi. Hiyo ilikuwa zawadi. Kola aliikata kwa karatasi ya kununua dukani. Alisimama kuchukua pasi, akapiga hatua moja bila viatu.

"Aaaii!"

Bibi alidondosha wembe wake wa kufumulia. Seremala alikuja mbio kutoka uani, vumbi la mbao likiwa tele kwenye nywele. Wakamkuta Fundi amekaa sakafuni, ameshika unyayo. Kati ya vidole vyake vya mkono palikuwa na pini.

"Imekuchoma?" Seremala aliuliza.

"Imenichoma!" Fundi alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Imeniuma, Mama! Imeniuma sana!"

Bibi alimtazama mwanawe. Akamtazama mkwewe. Kisha akachutama, akaichukua ile pini, akaifuta kwa khanga yake, akaichomeka ukutani juu ya msumari wa barua.

"Hiyo," alisema, "asiitumie mtu."