Tumbili Alipimwa, Mtoto Hakupimwa

Mwaka 1988, Apolinary alikuwa mlishaji wa wanyama katika bustani ndogo ya Narendra, mwenye duka wa Bukoba. Tumbili watatu waliishi katika banda la bustani hiyo. Apolinary aliwapenda. Aliwabeba kifuani, akacheza nao uso kwa uso. Aling'ata ndizi, akawapa kipande kilichobaki.

Kisha akaanza kukohoa. Akakonda. Majirani wa mtaa wake, Rwamishenye, wakanong'ona, "Ni Juliana." Ndivyo walivyouita UKIMWI.

"Twende hospitali, Baba Yoeli," mkewe Kokugonza alimsihi.

"Ili watu waseme ni Juliana kweli? Siendi."

Akakohoa miezi mitano, akilala chumba kimoja na wanawe. Clotilda, mtoto wa mwaka mmoja, akashikwa na homa na kikohozi. Akafa. Walimzika kijijini Buganguzi, kwenye migomba ya babu yake. Hakuna aliyeuliza kilichomuua. Mwaka ule makaburi yalikuwa mengi.

Mwezi uliofuata, tumbili mmoja akafa. Narendra akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja aitwaye Adventina. Alimpasua tumbili, akakuta mapafu yameharibika. Akachukua kipande kupima. Majibu yalipotoka, akaenda nyumbani kwa Apolinary.

"Tumbili ameuawa na kifua kikuu," alisema. "Kinapita kwa hewa. Mtu akikohoa, mnyama anavuta. Mnyama akikohoa, mtu anavuta. Umekohoa tangu lini, ndugu yangu?"

Kokugonza ndiye aliyejibu.

"Miezi sita. Kwa hiyo si Juliana?"

"Siwezi kujua kwa kumtazama. Apimwe makohozi. Kifua kikuu kinatibika, hata kwa mwenye UKIMWI."

"Waitu, jamani!" Kokugonza alilia. "Tumbili amepasuliwa ijulikane kilichomuua. Mwanangu nilimzika hivi hivi!"

Adventina akawapeleka hospitali yeye mwenyewe.

Apolinary alipimwa, akakutwa na kifua kikuu. Alimeza dawa miezi minane bila kuruka siku. Mwanawe Yoeli naye akatibiwa, akapona. Sheria za bandani zikabadilika. Mlishaji anapimwa kwanza. Ananawa kwa sabuni akiingia na akitoka. Hali chakula pamoja na wanyama. Akikohoa, haingii.

Apolinary akanenepa, akarudi kazini. Majirani wakampongeza.

Tangu hapo, Kokugonza akisikia mtu wa mtaani amekohoa wiki tatu, humfuata mlangoni.

"Vaa viatu," humwambia. "Tunakwenda wote."

Wengine humtukana. Yeye husimama hapo hapo mpaka wavae.