Manyoya Juu ya Damu

Marehemu alikuwa ameketi sakafuni mwa gari lake, mgongo umeegemea beseni la kuogeshea mbwa, miguu ameinyoosha, macho wazi. Ukimtupia jicho haraka ungesema amechoka, anapumzika kabla ya mteja anayefuata. Jeraha lilikuwa kisogoni, na kona ya chuma ya meza ya kunyolea ilikuwa na damu na nywele zake.

Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado linachoma. Gari la buluu, ubavuni limeandikwa "Tunaogesha Mlangoni Kwako", lilikuwa limeegeshwa nje ya geti la mwalimu mstaafu. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi. Alieleza kwamba alimkabidhi kijana mbwa wake saa nane kasoro robo, akaingia ndani kujinyoosha. Alipoamka akamkuta mbwa uani, ameogeshwa, amenyolewa, anang'aa, na geti limefungwa vizuri. Akatoka na malipo mkononi ndipo akaona gari bado lipo na mlango wake wa nyuma haujafungwa.

Inspekta alisikiliza akiwa amesimama mbali kidogo na huyo mbwa. Tusimfiche: mwanamke huyu aliyewahi kumkamata jambazi mwenye panga aliwaogopa mbwa kupita kiasi, na koplo wake alilijua hilo na kulifurahia.

"Huyu hang'ati, afande," alisema koplo. "Amestaafu kama mwenye nyumba."

Inspekta alikuwa anahesabu yasiyoibwa. Simu ilikuwa mfukoni mwa marehemu, pochi imefungwa kiunoni na noti zimo. Shajara yake ilikuwa na miadi ya wiki mbili mbele, mbwa sita kwa siku, kila mmoja na dakika zake arobaini. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Dakika Arobaini. Biashara ilikuwa imemnyookea kweli. Kumbe yote hayo ni ya kuishia sakafuni.

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glavu.

"Hakufa papo hapo," alisema. "Damu imevujia ndani ya fuvu taratibu. Nusu saa hivi. Asingeweza kuinuka wala kusema. Angefikishwa hospitali, angepona."

"Nusu saa nzima?"

"Pengine zaidi."

Inspekta alichuchumaa. Manyoya meupe yalikuwa yametapakaa kwenye suruali ya marehemu, kwenye viatu, na kwenye damu iliyotiririka hadi sakafuni. Aliyainua machache kwa kibano. Chini ya damu sakafu ilikuwa safi. Manyoya yote yalikuwa juu, yamenata.

"Koplo, huyu alianguka kwanza," alisema. "Mbwa alinyolewa baadaye."

"Na nani?"

"Na mtu aliyemwacha hapa chini, akaendelea na kazi."

Koplo alichuchumaa naye, akayatazama manyoya.

Jioni hiyohiyo walikwenda kumpa mama mzazi taarifa. Mitaa miwili tu kutoka pale, nyumba ndogo, na uani beseni la bati lililopauka. Watu walimwita Mama Mkasi. Majirani ndio walioeleza: mumewe alipoondoka alianza kuogesha mbwa wa watu kwenye beseni hilo, mkasi mmoja tu, na mwanawe akamshikia mbwa miguu tangu hajaanza shule. Gari lilikuja baadaye, kwa akili ya kijana. Kisha mikono ya mama ikaanza kutetemeka. Wateja wakaiona, wakanong'ona, na kijana akamwambia apumzike.

Mama Mkasi hakulia. Aliulizwa mara ya mwisho kuingia kwenye gari ni lini, akasema ni mwezi sasa hajakanyaga humo. Inspekta akaandika, akampa pole, akaondoka.

Asubuhi aliletwa Shampuu kituoni, mwogesha mbwa mwenzake marehemu, naye ana gari lake, bovu siku tatu kwa wiki. Watu watatu walimsikia akiapa kummaliza Dakika Arobaini.

"Ulisema utammaliza."

"Nilisema. Alininyang'anya wateja, nilitaka nimbariki?"

"Jana saa nane ulikuwa wapi?"

"Gereji, chini ya gari. Muulize fundi. Alikuwa ananikanyaga vidole."

Fundi alishaulizwa, na alikubali hata hilo la vidole. Inspekta akafanya jambo ambalo koplo angelisimulia mwaka mzima: aliagiza mbwa wa mwalimu aletwe ndani, akasogeza kiti chake hadi ukutani.

Shampuu alipitisha kiganja mgongoni mwa mbwa, akarudia, akainama kutazama miguu.

"Hii ni kazi ya mkasi mtupu," alisema. "Mashine haijagusa hapa. Mashine inaacha mistari."

"Marehemu aliweza hivi?"

"Hakuwa na subira hiyo. Wala mimi siwezi, afande."

"Nani anaweza?"

Shampuu aliangalia sakafu. "Mmoja tu ninayemjua. Ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Usinilazimishe kumtaja."

Inspekta hakumlazimisha. Alikwishamwelewa.

Msibani Inspekta na koplo waliwaomba wanawake watoke chumbani. Mama Mkasi alibaki kitandani na glasi ya maji, na maji yalikuwa yakimwagika kwenye kanga kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Inspekta aliketi karibu yake, akamweleza kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha akauliza mkasi uko wapi.

Mama aliutoa mwenyewe chini ya mto. Ulikuwa umefungwa kitambaa laini, na manyoya meupe yalikuwa yamenasa penye msumari unaounganisha makali yake. Vidole vyake vikaingia kwenye pete za mkasi. Mtetemo ukakoma. Mkono ulitulia kama wa msichana.

Waliutazama wote watatu.

"Umeona, mwanangu?" alisema Mama Mkasi. "Mikono ikishika mkasi inatulia. Nilimwambia. Hakutaka hata kuona."

"Jana ulikwenda kwenye gari."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Yule mbwa ni wangu. Nimemnyoa tangu mdogo. Anaogopa mlio wa mashine."

Mengine aliyasema taratibu, bila kuulizwa sana. Alimkuta mbwa mezani, amekwishakaushwa, anatetemeka, na mwanawe kashika mashine. Akatoa mkasi wake, akasema huyu niachie mimi, huyu mmoja tu. Kijana akamshika mkono, akamwambia, "Mama, rudi nyumbani, unaniharibia kazi." Akataka kuuchukua mkasi. Ndipo mama akamsukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Ulijua ameumia?"

"Alikaa chini. Ananiangalia, hasemi." Aliufunga na kuufungua mkasi. "Tangu utoto akikasirika anakaa chini na kununa. Humwambii kitu. Nikajua amenuna."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia, sawa, nuna. Kaa hapohapo uone."

Akampa mgongo, akamnyoa mbwa. Hakufanya haraka. Alianza mgongoni, akashuka ubavuni, akamaliza na miguu, kidole kwa kidole, kama alivyofanya zamani uani. Na muda wote alikuwa anamsema mwanawe. Alimkumbusha beseni la bati. Alimkumbusha nani alimfundisha kumtuliza mbwa kwa kumkuna nyuma ya sikio. Alimwambia ana moyo wa chuma. Alimwambia bora angezaa jiwe.

"Nilipomaliza nikamgeuza mbwa kwake. Nikasema, haya, tazama sasa." Aliushusha mkasi mapajani. "Alikuwa anatazama. Lakini hakuwepo."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akamwashiria aendelee.

"Mbona hukuita watu, mama?"

"Ningewaambia nini? Nimemuua mtoto kwa sababu ya mbwa? Nikamrudisha mbwa kwao, nikafunga geti. Nilitaka kurudi nikae naye. Miguu ikanileta nyumbani."

Alipoambiwa yuko chini ya ulinzi aliitikia kwa kichwa, akaurudisha mkasi kwenye kitambaa chake na kumkabidhi Inspekta. Mkono ulipobaki mtupu ulianza tena kutetemeka. Hata sahihi ya maelezo yake alishindwa kuiweka, ikabidi atiwe wino kidole gumba.

Kabla ya kutoka aliuliza mwalimu alisemaje kuhusu mbwa. Inspekta akamwambia ukweli: mwalimu alisema mbwa wake hajawahi kunyolewa vizuri vile. Mama Mkasi alisikia, lakini uso wake haukubadilika. Alikuwa na swali jingine, na hilo ndilo lililomsimamisha mlangoni.

"Mwanangu, nilipokuwa namsema, alikuwa ananisikia?"

Faili lilikuwa kwapani mwa Inspekta, ripoti ya daktari ukurasa wa kwanza. Koplo alijigeuza kutazama ukuta. Inspekta alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na katika miaka hiyo hakuwahi kumdanganya mtuhumiwa, hata awe mbaya kiasi gani.

"Hapana, mama," alisema. "Alikufa palepale."

Mama Mkasi alishusha pumzi ndefu, akasema afadhali, akatoka akiwa ameshika mkono wa Inspekta. Kesi ilipangwa kusikilizwa baada ya wiki tatu, na shahidi wa kwanza aliyeitwa alikuwa daktari.