Tone na Mkeka wa Bwawani

Nyumba ya fundi saa haikosi sauti. Saa za wateja zimetundikwa ukutani, na kila moja ina mwendo wake. Mgeni akiingia huona kizunguzungu. Wenyewe wamezoea. Sauti wanayoitegea sikio ni nyingine, nayo ni ya komeo la mlango.

Komeo likilia, mke wa fundi huacha kila kitu na kutoka mbio. Yeye ni msusi, na kazi yake huifanya sebuleni. Wateja wake wamezoea kuachwa na nusu kichwa.

Anayemkimbilia ni binti yao. Ana miaka minane, na nyumbani wanamwita Tone. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kupenda maji. Alipokuwa mdogo alikaa mbele ya bomba linalovuja, akatazama tone moja moja mpaka abebwe kwenda kula.

Tone ana usonji. Alizaliwa nao. Anaona na kusikia mambo kwa njia yake. Maneno yake ni machache, na kelele za ghafla humuumiza kama kofi. Usonji hauambukizi, si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Baadhi ya majirani wamekwisha kudai kinyume cha hayo yote, na hawajaombwa na mtu.

Siku ya mapumziko, fundi saa huenda kuvua samaki kwa fimbo na mshipi. Nyuma ya mji kuna bwawa. Kila akirudi, Tone hufungua mfuko wake na kutoa boya, kile kipande chekundu kinachoelea juu ya maji. Hulishika mpaka alale. Siku moja baba alimtazama, akapata wazo.

"Mama Tone," alisema, "nataka nimpeleke mtoto akavue."

Kitana kilibaki hewani. "Bwawani? Mtoto huyu huyu ninayemfungia komeo juu na chini?"

"Nitamfundisha kwanza. Hapa hapa ndani."

"Baba Tone, mtoto huyu akiona maji haoni kingine."

"Ndiyo maana nataka azoee. Niachie mimi."

Mama alirudi kwenye nywele za mteja, lakini roho yake haikutulia.

Baba alijaza maji kwenye beseni. Alikata samaki wadogo wa bati, akafunga sumaku mwisho wa mshipi. Tone alishusha mshipi. Samaki alinasa. Alishusha tena, akanasa mwingine. Sumaku ikikosa, Tone alitumbukiza mkono akamtoa samaki mwenyewe. Baba alicheka. Walicheza hivyo kila jioni, na Tone alirusharusha mikono kwa furaha, kama kawaida yake.

"Unaona?" baba alimwambia mkewe. "Ameshakuwa mvuvi."

Siku ya kwenda ikafika. Walikwenda wawili tu, baba na binti. Baba alimkalisha Tone kwenye nyasi, akatupa mshipi. Boya likaelea. Tone alilitazama, akatulia kabisa. Baba alifurahi mpaka macho yakamlengalenga.

Lakini samaki hakunasa. Baba aliuvuta mshipi, akakuta chambo kimeliwa. Akageuka kidogo kuchukua chambo kingine.

Tone hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliinuka tu akaingia majini, kana kwamba anaingia chumbani kwake. Baba alipogeuka, maji yalikuwa yamefika kifuani mwa mtoto.

Baba aliruka na viatu vyake. Alimshika gauni, akamvuta nje. Tone alilia kwa sauti kali, akajing'ata mkono. Wavuvi wengine waligeuka.

"Mtoto kama huyo unamleta huku kufanya nini?" mmoja aliuliza.

Baba alimbeba Tone, akashika njia ya nyumbani.

Mama alipoona gauni limelowa hakuuliza maswali mengi.

"Basi," alisema. "Bwawa hatalikanyaga tena. Sitaki hata kulisikia likitajwa."

Halikutajwa tena. Lakini Tone hakusahau. Kila jioni aliburuta beseni mpaka miguuni kwa baba yake. Kila jioni baba alilisukuma chini ya kitanda, akainamia saa zake. Alikuwa na huzuni. Alikuwa ametafuta jambo moja tu la kufanya na mwanawe, na sasa aliogopa hata kumtazama.

Alasiri moja mteja alikuja kuchukua saa yake. Akatoka, na komeo hakulirudisha. Mama alikuwa akimsuka bibi harusi mtarajiwa aliyependa maongezi. Alipokumbuka kusikiliza, nyumba ilikuwa na sauti za saa tu.

"Tone?"

Chini ya kitanda beseni halikuwepo.

Mama alitoka miguu mitupu. Baba alimfuata. "Sokoni," mama alisema, "labda amefuata watu sokoni." Hakujua anaelekea wapi.

Jirani yao, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, alikuwa akifungua mlango wake. Aliwaona, akaelewa.

"Tone anapenda nini kuliko vyote?" aliuliza.

"Maji."

"Basi tusianze sokoni. Tuanze kwenye maji. Twendeni, upesi."

Walikimbia kuelekea bwawani. Mama alikuwa akisema maneno bila kuyasikia. Walipofika kwenye mfereji karibu na bwawa walimwona. Tone alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo, beseni kichwani kama kofia, akitazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye bomba kubwa. Mkononi alishika samaki wa bati.

Mwalimu aliwazuia wasipige kelele. Alimwendea polepole, akamshika mkono. Mama alikaa chini pale pale mavumbini, akalia.

Nyumbani, mwalimu alikunywa maji kwanza, akasimuliwa habari ya beseni na ya siku ile ya bwawani. Kisha akasema, "Nionyesheni mlivyomfundisha."

Baba aliweka beseni. Tone akaja mbio. Sumaku ilikosa samaki, naye akatumbukiza mkono akamtoa.

"Baba Tone," mwalimu alisema, "bwawani alifanya nini?"

Baba aliangalia beseni. "Alikwenda kumtoa," alisema taratibu. "Samaki hakunasa, akaenda kumtoa kwa mkono. Kama nilivyomwachia afanye hapa."

"Hakuwa mkaidi. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Beseni ndilo lililomwambia kwamba samaki yupo daima, na asiponasa unamfuata."

"Kwa hiyo nilimfundisha kuzama." Baba alishika tama.

"Ulimfundisha nusu. Sasa tumfundishe nusu nyingine."

"Hapana," mama alisema. "Mwalimu, nisamehe, lakini mimi nimemaliza na habari za maji."

"Dada yangu, wewe umemaliza, yeye hajamaliza. Leo amekwenda peke yake. Kumnyima bwawa hakuliondoi kichwani mwake. Komeo liendelee, tena liwekwe juu zaidi. Majirani wajue, ili wakimwona peke yake wamrudishe. Na aanze kufundishwa kuogelea. Lakini mkimpeleka, mpelekeni kwa utaratibu."

Hofu haikumtoka mama, lakini alisogeza kiti karibu.

Mwalimu alichora picha kwenye vipande vya boksi. Kutembea. Kukaa mkekani. Kungoja. Kurudi nyumbani. "Mwonyesheni kwa mpangilio huu huu kila siku," alisema. "Akijua kinachofuata, wasiwasi unapungua."

Walitandika mkeka mdogo mbele ya beseni. Safari hii baba alitoa samaki wote. Tone alishusha mshipi. Hakuna kitu. Akainuka. Mama akamrudisha kwa upole.

"Hakuna. Tunangoja. Mkekani."

Tone alilia siku hiyo, na siku iliyofuata. Walifanya tena, kidogo kidogo. Walimvalisha pia jaketi la kuokolea maisha, kwanza kwa dakika chache, mpaka akazoea kulivaa. Mwisho wa kila zoezi baba alisema, "Tumemaliza," na wakakunja mkeka.

"Kumbukeni," mwalimu alionya, "jaketi halilindi mtoto badala ya mtu. Mmoja avue, mwingine amtazame Tone, awe karibu kiasi cha kumshika. Asiwepo wa kufanya yote mawili."

Walirudi bwawani asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Mama alikuwa na vizibo vya masikio vya mtoto kwenye mfuko na hofu yake kifuani. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa hajalala vizuri. Walitandika mkeka mbali na ukingo. Tone alikaa, jaketi mwilini, picha mapajani. Mama alikaa nyuma yake, mkono karibu na mgongo wake.

Boya lilielea. Samaki hakuja.

"Hakuna," Tone alisema.

"Hakuna. Tunangoja," baba alijibu.

Baadaye ndoano ilinasa kwenye majani ya majini. Baba alivuta, ikakataa. Boya lilikuwa lile jekundu, naye hakutaka kulipoteza. Alivua viatu, akakunja suruali, akapiga hatua moja kutoka mkekani kuelekea majini.

Tone aliinuka.

Mama alishika mkanda wa jaketi. Aliona tena gauni lililolowa.

Tone alitembea mpaka mwisho wa mkeka. Akasimama hapo. Alinyoosha mkono, akashika shati la baba yake kwa nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Baba," alisema. "Mkekani."

Baba aligeuka. Alitazama mkono ule mdogo, kisha miguu ya mwanawe. Vidole havikuwa vimevuka ukingo wa mkeka. Alirudi akakaa, bila viatu, suruali imekunjwa, kama mwanafunzi aliyekosea. Kisha akakata mshipi na kuliacha boya kule kule kwenye majani.

Mama alicheka huku analia. "Mwenzangu, umepata msimamizi," alisema.

"Tumemaliza," Tone alisema, akaanza kukunja mkeka.

Hawakuleta samaki nyumbani. Komeo lilifungwa kama kawaida, juu na chini. Lakini mkeka mama hakuurudisha chumbani. Aliusimamisha kando ya mlango, tayari kwa safari nyingine.